Kiwiko kilichoteguka hakikandwi

Na MWANDISHI WETU

SHANGAZI yangu alianguka kutoka kwa pikipiki Aprili 2024, jioni ya mvua, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye, karibu na soko la Kamukuywa. Mwendeshaji wa bodaboda alikuwa amembeba yeye, abiria mwingine na nusu gunia la maharagwe. Pikipiki iliteleza kwenye tope lililoachwa na trekta na shangazi, kama afanyavyo mtu yeyote anayeanguka, akatanguliza kiganja ili ajizuie. Uzito wote ukaishia kwenye kiwiko cha mkono wa kulia.

Wakati huo madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo uliochukua siku 56. Akapelekwa kwa kliniki ndogo ya kibinafsi ambayo sitaitaja hapa. Nilipompigia simu kesho yake, alikuwa ametulia.

“Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Wamenifunga plasta. Nirudi baada ya wiki sita.”

“Shangazi, walikupiga picha ya eksirei?”

“Picha ya nini tena, na plasta imeshafungwa?”

Wiki sita zilipokwisha, plasta ilikatwa na mkono ukatoka umenyooka kama mchi. Hakuweza kupeleka tonge la ugali mdomoni. Majirani wakamshauri aende kwa mzee mmoja wa upande wa Chwele anayesifika kwa kukanda mifupa. Alikandwa kwa mafuta na kuvutwa mkono mara tatu kwa wiki hadi mwezi wa Agosti. Kila wiki kiwiko kilizidi kuwa kigumu, na vidole viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi.

Picha ya kwanza ya eksirei ilipigwa miezi minne baada ya ajali. Ilionyesha kwamba kiwiko kilikuwa nje ya mahali pake tangu siku ile ya tope, kwamba kipande cha mfupa kilikuwa kimevunjika, na kwamba mfupa mpya ulikuwa umeota ndani ya msuli uliokuwa ukikandwa.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu si cha mtu mmoja. Yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki ya mifupa katika hospitali za Kitale au Bungoma atakuwa amekutana na ndugu zake shangazi: mtu mzima, mara nyingi mwenye nguvu za kufanya kazi, na mkono usiokunjika. Mara nyingi balaa si ajali yenyewe. Balaa ni yale yaliyofanywa, au yasiyofanywa, katika wiki mbili au tatu za kwanza.

SPANA NA NATI

Kiwiko, ambacho wengine hukiita kisugudi, ni mahali mifupa mitatu inapokutana. Mfupa wa mkono wa juu huishia na umbo kama kigurudumu cha uzi. Mfupa wa chini ulio upande wa kidole kidogo umekishika kigurudumu hicho kama spana inavyoshika nati: kuna ncha ya nyuma, ndiyo ile tunayoegemeza mezani, na ncha fupi ya mbele inayozuia spana isichomoke. Mfupa wa tatu, ulio upande wa kidole gumba, una kichwa cha duara kama kifuniko cha chupa. Hicho ndicho kinachozunguka ukifungua kufuli au ukigeuza kiganja kupokea chenji.

Vyote hivi vimefungwa kwa kano pande mbili. Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, unapita mshipa wa fahamu unaokufanya uruke ukijigonga. Mbele unapita mshipa mkuu wa damu uendao mkononi.

Baada ya bega, hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi zaidi kwa watu wazima kuliko kiwiko. Mara nyingi mifupa ya chini husukumwa nyuma, na ncha ya kiwiko ikatokeza kwa njia inayotisha kuitazama. Kikiteguka bila mfupa kuvunjika, madaktari huona hilo kuwa jambo jepesi. Kikiteguka na kuvunjika kwa pamoja, habari ni nyingine.

Kuna mchanganyiko mmoja ambao mpasuaji Mmarekani, Robert Hotchkiss, aliuita mwaka wa 1996 utatu wa kutisha: kiwiko kimeteguka, kichwa cha mfupa wa upande wa kidole gumba kimevunjika, na ile ncha ya mbele ya spana imekatika. Mtu akitazama picha haraka haraka anaweza kuona vipande viwili vidogo na kudhani ni jambo dogo. Lakini vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa vikizuia kiwiko kisichomoke. Hata ukikirudisha, kitatoka tena ndani ya plasta bila mgonjwa wala daktari kujua.

Pia kuna jeraha lililoelezwa na Giovanni Battista Monteggia wa Milano mwaka wa 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Mfupa wa upande wa kidole kidogo huvunjika katikati, kila mtu akauangalia huo, na kumbe kichwa cha mfupa wa pili kimechomoka kwenye kiwiko. Monteggia alilitambua kwa macho na vidole vyake. Leo, tukiwa na mashine, bado linapita bila kuonekana pale picha inapopigwa ya katikati ya mkono tu. Ukivunjika hapo, omba picha ionyeshe kiwiko na kifundo cha mkono pia.

SAA ZA KWANZA

Mtu akianguka na kiwiko kikabadilika umbo, usikivute. Ufunge mkono jinsi ulivyoukuta, kwa leso au shati, uegemee kifuani. Vua pete, bangili na saa mapema kabla vidole havijavimba. Usimpe chakula wala chai, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi ili kiwiko kirudishwe, na tumbo lililojaa ni hatari wakati huo. Najua kwamba kumnyima majeruhi chai huko kwetu ni kama kumtukana, lakini ndivyo ilivyo.

Kama mfupa umetoboa ngozi, funika jeraha kwa kitambaa safi na mwendo uwe wa hospitali moja kwa moja. Jeraha kama hilo linahitaji dawa ya kuua bakteria mapema iwezekanavyo, sindano ya pepopunda, na kuoshwa ndani ya chumba cha upasuaji.

Afisa wa kliniki au daktari atakayempokea ana kazi ya kwanza ambayo haihitaji mashine yoyote. Atagusa mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono. Atamwomba mgonjwa anyooshe kidole gumba, atanue vidole, na aunganishe ncha ya gumba na ya kidole cha shahada. Atapapasa kidole kidogo kujua kama kina hisia. Haya hufanywa kabla ya kukirudisha kiwiko na tena baada ya kukirudisha, na huandikwa. Mgonjwa naye anaweza kuuliza, “Daktari, damu inapita? Vidole vina fahamu?” Hakuna daktari mwema atakayekasirika.

Sababu ya haraka hii ni kwamba uvimbe unaweza kubana misuli hadi damu isipite. Richard von Volkmann, daktari Mjerumani, alieleza mwaka wa 1881 mikono iliyokauka na kujikunja kama kucha za ndege baada ya bendeji zilizokazwa. Msuli uliokosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa kabisa. Dalili kubwa ni maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, hasa vidole vinaponyoshwa. Aliyefungwa plasta akipata maumivu hayo usiku, asingoje asubuhi. Plasta ipasuliwe usiku huo huo.

Kisha kiwiko hurudishwa siku hiyo hiyo, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya kumtuliza au nusukaputi. Mmoja hushikilia mkono wa juu, mwingine anavuta wa chini taratibu huku akikunja, na mara nyingi kinaingia kwa mlio unaosikika. Halafu, na hapa ndipo kliniki ile ilipokosea kwa shangazi, picha ya eksirei hupigwa tena. Bila picha ya baada, hakuna ajuaye kama kimerudi.

PLASTA NDEFU

Wengi wetu tunaamini kwamba kadiri plasta inavyokaa ndivyo mfupa unavyopona vizuri. Kwa mguu mara nyingi ni kweli. Kwa kiwiko cha mtu mzima ni kinyume chake. Kiungo hiki hukakamaa upesi kuliko kingine chochote mwilini. Mtoto anaweza kufungwa wiki kadhaa na bado akanyoosha mkono baadaye. Mtu wa miaka 45 hana bahati hiyo.

Mwaka wa 1988 wapasuaji wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu wazima 52 walioteguka kiwiko bila kuvunjika. Waliofungwa muda mrefu ndio waliobaki na mikono migumu na yenye maumivu. Tangu hapo madaktari wengi hufunga kiwiko kilichoteguka bila mvunjiko kwa wiki moja au mbili tu, kisha mazoezi huanza.

Kiwiko kilichovunjika pia huwa na mtego wake. Ukikiacha bila kukikaza, vipande vinasogea. Ukikifunga miezi ili vipande visisogee, kinakakamaa. Hii ndiyo sababu ya upasuaji. Watu hudhani vyuma vinawekwa ili mfupa uunge. Katika kiwiko, vyuma huwekwa hasa ili mgonjwa aweze kukikunja mapema, mfupa ukiendelea kuunga.

Si kila upasuaji ni wa gharama ya kutisha. Ncha ya nyuma ya kiwiko ikivunjika vipande viwili, daktari huingiza sindano mbili za chuma na kuzungusha waya kwa umbo la nane. Vifaa vyake ni rahisi na vya bei nafuu, na ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa hospitali ya kaunti yenye daktari wa mifupa. Uzuri wake ni kwamba kila mgonjwa akikunja mkono, waya hukaza vipande badala ya kuvitenganisha.

Sehemu ya chini ya mfupa wa mkono wa juu ikisagika, mambo huwa mazito. Daktari hupasua kutokea nyuma, hutafuta kwanza ule mshipa wa fahamu na kuulinda, na mara nyingine hulazimika kukata ncha ya kiwiko kwa msumeno ili afungue kiungo kama mlango. Hupanga vipande, hukaza kwa vibati viwili na skrubu, kisha hurudisha ile ncha aliyoikata. Ni kazi ya saa kadhaa, na picha ya iskani ya CT kabla ya kuanza humsaidia sana.

Kwa ule utatu wa kutisha, hushona au kukaza ncha ya mbele, hutengeneza kichwa cha duara kwa skrubu ndogo au kukibadilisha kwa cha chuma, kisha hushona kano ya nje kwenye mfupa. Zamani kichwa kilichosagika kilikatwa na kutupwa. Kiwiko kikiwa imara hilo bado linawezekana, lakini kano zikiwa zimekatika ni kosa kubwa, maana unaondoa nguzo ya mwisho.

Na mzee wa miaka 80, mifupa imekuwa laini kama muhogo wa zamani? Nchi tajiri humwekea kiwiko kizima cha bandia. Lakini aliye nacho huambiwa asiinue zaidi ya kilo tano hivi maisha yake yote. Mwambie hivyo kukhu wa Kimilili ambaye mtungi wake wa maji ni wa lita 20. Ipo njia ya zamani, iliyoandikwa tangu 1937: mkono huning'inizwa kwa kitambaa shingoni, na baada ya maumivu kupungua mgonjwa huanza kuukunja, vipande vikijipanga vyenyewe. Picha yake haipendezi, ila wazee wengi hupata mkono unaofika mdomoni, na hakuna aibu kwa daktari anayeichagua.

SIFA YA MKANDAJI

Sitaki kuwadharau wazee wetu wanaounga mifupa. Mfupa wa mkono wa juu ukivunjika katikati bila jeraha, mara nyingi huunga wenyewe ukifungwa vizuri kwa vijiti au kwa plasta. Mzee aliyeufunga hupata sifa, na hakudanganya mtu. Sifa hiyo ndiyo inayompelekea watu wa viwiko, na hapo ustadi wake unakwama. Kiwiko hakina shida ya kuunga tu. Kina shida ya kukaa mahali pake na kukunjika.

Kukandwa na kuvutwa kwa nguvu huchubua msuli uliokwisha kuumia, damu inavuja ndani, na mwili huweza kugeuza sehemu hiyo kuwa mfupa. Ndivyo ilivyompata shangazi. Mzee wa Chwele alipoona mkono unakuwa mgumu, akaongeza nguvu. Alikuwa na nia njema kabisa. Hata malipo ya mwisho alikataa.

Wala hospitali hazijasafika. Plasta ya wiki sita bila picha ya pili haikufungwa na mkandaji. Ilifungwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

BARABARA NA PESA

Bodaboda zilianzia huku kwetu magharibi, kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia tangu miaka ya 1960. Ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwaka wa 2008, pikipiki zilijaa kila njia ya mahindi na miwa, na wadi za mifupa zikajaa pia. Majeruhi wa bodaboda katika hospitali ya Kitale walifanyiwa uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2014, ishara kwamba tatizo lilikuwa limeshakuwa kubwa hata wakati huo.

Mgonjwa wa Kitale au Bungoma huanza kwa hospitali ya kaunti. Kitale pia kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Wamalwa Kijana. Jeraha likizidi, safari ni ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kama kilomita 70 kutoka Kitale na 100 hivi kutoka Bungoma. Si mbali. Kinachokula siku ni kutafuta nauli, kutafuta pesa za vyuma, kungoja foleni, na vikao vya familia vya kuamua kama mtu apasuliwe au la.

Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondolewa na mahali pake ni SHA. Hakikisha umejisajili na michango haina deni kabla hujaumia, kwa sababu hospitali huomba idhini kabla ya upasuaji, na idhini haitoki kwa asiyelipa. Ukiwa wodini uliza wazi: vyuma vinalipiwa na nani, na kama havipo, vitafika lini? Mvunjiko wa kiwiko hupasuliwa vizuri zaidi ndani ya siku za kwanza, na baada ya wiki tatu hivi, kilichoteguka hakirudi tena kwa kuvutwa, sharti kipasuliwe.

Baada ya upasuaji hakuna mkato. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwonyesha mgonjwa la kufanya, mara nyingi ndani ya siku chache au wiki ya kwanza. Zoezi moja linalopendwa ni hili: lala chali, inua mkono wa juu kuelekea paa, kisha acha mkono wa chini ushuke taratibu kuelekea paji la uso na uuinue tena. Katika hali hiyo uzito wa mkono wenyewe hukibana kiungo badala ya kukichomoa. Mgonjwa hutumia misuli yake mwenyewe. Hakuna mtu mwingine anayevuta, awe mume, jirani au mkandaji. Kwa waliokatika kano, daktari huweza kukataza kunyoosha kabisa katika wiki za mwanzo, kwa hiyo fuata kipimo chako, usiige cha mwenzako wa kitanda cha pili.

Lengo si mkono kama wa zamani. Mwaka wa 1981 Bernard Morrey na wenzake walipima kazi za kila siku na kuona kwamba nyingi hufanyika kwa kukunja kati ya nyuzi 30 na 130. Uchunguzi wa baadaye, wa 2011, ulionyesha kwamba kushika simu ya mkono sikioni kunataka zaidi ya hapo.

Shangazi alipasuliwa Septemba 2024. Madaktari walirefusha kano ya msuli wa nyuma kwa njia iliyobuniwa na Speed mwaka wa 1925, wakaondoa makovu na ule mfupa ulioota, wakaufungua mshipa wa fahamu, wakarudisha kiwiko na kukishikilia kwa sindano za chuma kwa wiki mbili. Kazi ambayo jioni ile ya Aprili ingeanza kwa kuvuta kwa dakika chache na picha mbili.

Sasa anakula kwa mkono wa kulia. Kidole kidogo bado kina ganzi kidogo asubuhi za baridi. Simu huishika kwa mkono wa kushoto, na kilemba hawezi kukifunga kisogoni. Hufungwa na mjukuu wake kabla hajaenda shule. Jioni hulala chali kwenye mkeka, mkono juu, akihesabu hadi 20.

“Ukiandika,” aliniambia juzi, “waambie waulize picha.”